Difu Iliyosingiziwa Njiani Kyela

Tangu nirudi Iringa sijashona gauni hata moja kwa utulivu. Kila anayeingia dukani anavuta kigoda, anaweka kitambaa chake mezani, kisha ananiuliza ilikuwaje na baba mkwe na gari lilikuwa na nini hasa. Nimesimulia vipande vipande mpaka vimeanza kupishana. Mama Eliza anatangaza kanisani kwamba gari liliungua, na mimi sijawahi kusema hivyo. Basi naandika yote hapa. Someni kwa zamu, mniache nimalize sare za watu.

Kwa asiyetujua: mume wangu, Ambakisye, ni Mnyakyusa wa Ikolo, Kyela, na kazi yake iko mgodini Geita. Mimi ni Mrangi wa Kondoa. Baba yake, Mzee Anyosisye, amebaki na jicho moja. La kulia liliharibika zamani kwa pumba ya mpunga, na la kushoto lilikuwa limefunikwa na mtoto wa jicho, hata akawa anawatambua watu kwa kikohozi. Madaktari wa macho walikuwa wanakuja Mbeya kwa siku chache, na Baba alipangiwa Alhamisi. Akiikosa, hakuna aliyejua watarudi lini. Ambakisye akanyimwa ruhusa. Basi la abiria Baba hataki hata kulisikia, anasema hawezi kupeleka jicho lake la mwisho kwenye mikono ya dereva asiyemjua. Nikabaki mimi na gari letu la viti saba.

Sasa hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kwa mila ya Wanyakyusa wa zamani, mke wa mwana na baba mkwe hawaonani. Nikimwona njiani nakwepa, nafunika kichwa na kugeuka. Hatuli pamoja, hatusemeshani, jina lake silitaji mbele ya watu wake. Vijana wengi wameshaiacha, lakini Baba hajaacha, na mimi tangu niolewe nimemheshimu hivyo. Namjua kwa mgongo na kwa sauti. Yeye hata mgongo wangu sidhani kama anaujua.

Iringa mpaka Uyole

Niliondoka peke yangu, masikio nimeyategesha nyuma. Krismasi tulipotoka Kyela gari lilianza kulia kule nyuma, mlio mzito wa "uuuu", kama wanaume wa sauti ya nne kwenye kwaya wanaotafuta noti. Fundi wetu wa hapa Iringa alisema ni difu, yaani lile bonge la chuma katikati ya ekseli ya nyuma linalogawa nguvu kwa magurudumu mawili. Akabadilisha oili yake. Mlio ukapotea, nikamsifu mtaa mzima. Lakini kitu kilichopona bila kujulikana kilikuwa na nini huwa sikiamini, awe mtu au gari.

Makambako tulisimamishwa na mafundi wa barabara, upande mmoja unapita, mwingine unangoja. Upepo wa pale mnaujua. Nikaona heri nishuke nichungulie chini ya gari kama oili inavuja. Dereva wa lori aliyekuwa nyuma yangu akaja na hindi la kuchoma mkononi, akainama naye.

"Unatafuta nini, dada?"

"Difu. Ilikuwa inalia."

"Sasa hivi inalia?"

"Hapana."

Akanitazama, akanikatia nusu ya hindi. "Kula kwanza. Ugonjwa usiokuwepo hautafutwi kwenye foleni."

Tulikula tumeegemea gari langu, akanisimulia habari za mkewe ambaye naye anashona, mpaka tukaruhusiwa. Hindi lilikuwa gumu lakini nililimaliza. Mpaka Uyole gari lilikuwa kimya, na nikaanza kujiona mjinga kwa kumsumbua kila mtu.

Kushuka Tukuyu

Kutoka Uyole barabara inapanda kidogo, halafu inaanza kushuka na haikomi. Mvua ya Tukuyu ilinipokea, ile isiyonyesha wala kuacha. Migomba, chai, migomba tena. Nilikuwa naogopa mteremko huu, kwa kuwa niliambiwa difu mbovu hulia zaidi ukiondoa mguu kwenye mafuta. Nikauondoa. Nikaukanyaga. Nikauondoa tena. Kimya. Nikaimba nyimbo za kwaya peke yangu mpaka masikio yalipoziba na jasho likaanza, nikajua nimeshafika chini, joto la Kyela limenikamata.

Ikolo na Matema

Nilikuta nyumba imetulia. Kakao imeanikwa kwenye mkeka, mlango uko wazi, na Mama hayupo. Mama mkwe ndiye daraja letu. Yeye asipokuwepo, mimi na Baba ni watu wa ng'ambo mbili. Nikakohoa nyuma ya jiko. Ndani akakohoa. Nikakohoa tena. Halafu nikasikia sauti yake inamsemesha jogoo aliyekuwa mlangoni.

"Wewe jogoo. Kama kuna mtu amefika, Mama yuko Matema kwa dada yake. Alijua safari ni kesho."

Nilibana kicheko kwa khanga. "Jogoo," nikasema, "mwambie Baba shikamoo. Na mwambie kesho asubuhi nitamfuata Mama."

"Jogoo, mwambie marahaba. Na ndizi ziko jikoni, asilale njaa."

Hivyo ndivyo tulivyoishi mpaka asubuhi. Jogoo alifanya kazi nzuri kuliko watu wengi.

Matema nilimkuta Mama kwenye mchanga, anagombana na dada yake kwa Kikisi. Mama ni Mkisi wa mwambao ule, kwao wanawake wanafinyanga vyungu na wanaume wanavua, na hakuna aliyewahi kumwondoa pale kwa haraka. Nikakalishwa, nikapewa mbasa wa kuchoma aliyetoka ziwani asubuhi ile, mnene, mafuta yanachuruzika mpaka kwenye kiwiko, na wali wa Kyela unaonukia kabla hujafunua sufuria. Nilisema tuna haraka. Dada yake Mama akasema, "Ndaga fijo, asante sana, mwanangu, tumesikia," akaniongezea samaki.

Kisha vikaja vyungu. Daktari atahitaji chungu, muuguzi atahitaji chungu, na mwenye nyumba tutakayofikia naye. Mama alivifunga kimoja kimoja kwa majani makavu ya migomba, anavipanga na kuvipangua, mpaka jua likageuka. Njia nzima ya kurudi Ikolo alikaa mbele nami, vyungu vikiwa kiti cha katikati, na gari halikutoa hata mguno.

Ikolo mpaka Kyela mjini

Jumanne ndiyo tulimpandisha Baba. Mama alikuwa amepanga kila kitu. Kioo cha ndani nilikigeuza kitazame dari. Kati ya viti vyangu na vya nyuma tulining'iniza kitenge. Baba akapita upande wa pili wa gari nikiwa nimeinama kwenye usukani, akaingia kiti cha mwisho kabisa, kona ya kushoto, mahali palipo mbali na dereva kuliko pote. Chini ya miguu yake na pembeni yake yakawekwa magunia yake ya mchele. Mtu haendi kwa watu Mbeya mikono mitupu, na mchele wake hamwachii mtu mwingine aushike.

Tulipofika kwenye lami nikaongeza mwendo, na hapo hapo, nyuma, wanaume wa sauti ya nne wakaanza.

Mama aligeuka akatazama kitenge kana kwamba mlio umetokea kinywani mwa mumewe. Kadiri nilivyokimbia ndivyo ulivyopanda, mpaka vyungu vikawa vinatetema ndani ya majani. Na kupanda Tukuyu hivyo nilikataa. Difu ikijifunga kwenye kona zile, jicho litakuwa shida ndogo.

Nikaulizia gereji, nikaelekezwa kwa fundi Lusajo, mtu mnene, mpole, mwenye kicheko cha polepole. Lakini kabla ya kufika, Mama akaniambia nisimame kwenye kona. Baba lazima ashuke kwanza mimi nikiwa bado ndani, aende zake, ndipo mimi nishuke. Na magunia yakashuka naye, maana mchele haulali gereji. Wakaketi kwenye kibaraza cha duka la dawa za mifugo, mimi nikaingia kwa fundi na gari tupu.

Fundi aliendesha mpaka mwisho wa mji na kurudi. Kimya.

"Mama, gari lako linaogopa gereji," akasema. "Kama mtoto akimwona daktari."

Nilimwapia kwamba linalia, na nyuma. Akasema mlio wa nyuma hauna mjadala, ni difu. Akaifungua, akanionyesha meno ya gia zake kwa tochi, akakaza alichokaza, akaweka sili mpya ya kuzuia uvujaji na oili mpya. Akajaribu tena na mimi nikiwa pembeni yake. Kimya. Tukashukuriana sana.

Mpaka njiapanda ya Kasumulu

Nikawachukua Mama na Baba na magunia palepale kwenye kona. Hatukuwa tumefika njiapanda ya Kasumulu, inakotokea barabara ya Malawi, mlio ukarudi, na ulirudi na nguvu.

Nikasimamisha gari. Halafu Baba akasema nyuma ya kitenge, taratibu, kama anayesoma neno kanisani:

"Mama. Mwambie alikuja peke yake, gari likawa kimya. Akaenda na wewe Matema, likawa kimya. Nimepanda mimi, limelia. Nimeshuka, limenyamaza hata kwa fundi. Nimepanda tena, limelia. Mwambie gari halina kosa. Linasema tu kile ambacho sisi tumeona aibu kukisema. Mimi na yeye hatukai chini ya paa moja. Turudini nyumbani."

"Baba Ambakisye," Mama akasema, "na jicho?"

"Jicho nimelitumia vya kutosha."

Wenzangu, mnanijua mdomo wangu. Wateja wanaochelewesha kuchukua nguo wananijua. Lakini siku hiyo nilishika usukani tu, kwanza kwa sababu sikuruhusiwa kumjibu, na pili kwa sababu kila alichosema kilikuwa kweli. Nikageuza gari, likalia mpaka Ikolo, nami nikalia nalo kimyakimya. Nilimwonea huruma na nilimkasirikia kwa wakati mmoja. Nilijiona kama mimi ndiye niliyemfumba lile jicho.

Ikolo tena

Jioni tulikuwa jikoni, mimi na Mama, tunamenya ndizi bila hamu. Ambakisye alipiga simu mara mbili, baba yake akakataa kuongea. Mama hakunilaumu, lakini alikuwa ananipa kazi ndogondogo, kama mtu anayempa mgeni kitu cha kushika asijisikie vibaya.

"Yale magunia uliyatoa kwenye gari?" akauliza. "Yasije yakaliwa na panya."

"Bado."

"Katoe. Ya Krismasi yalifika salama, haya nayo yasije yakaharibika."

Niliinuka, nikafika mlangoni, nikasimama. Krismasi. Krismasi gari lililia mpaka Iringa, na Baba hakuwemo. Alibaki hapa, amekaa kwenye kigoda chake. Waliokuwemo ni mimi, watoto, na magunia ya mchele aliyotupa, ambayo Ambakisye aliyapanga nyuma, kona ya kushoto, ili upande wa kulia tuweke begi. Na tulipoenda gereji Iringa, magunia tulikuwa tumeshayashusha nyumbani.

Nilimshika Mama bega akadhani nimeumwa na siafu. Nilimweleza, akanisikiliza mpaka mwisho kisu mkononi, akaenda ndani. Nikamsikia anamweleza Baba kwa Kinyakyusa. Nikasogea karibu na ukuta, Mungu anisamehe. Mwishowe Baba akasema kwa Kiswahili, na nilijua anakisema kwa ajili yangu:

"Mwambie basi ajaribu bila mimi. Amtafute mtu mwingine akae pale pale, na mchele ule ule. Gari likilia, kesho nitapanda. Likinyamaza, asinisemeshe tena habari za Mbeya."

Barabara ya majaribio

Asubuhi ya Jumatano nilimtoa fundi Lusajo kwenye chai yake. Nilipomwambia akakae kiti cha mwisho kona ya kushoto, magunia miguuni, alidhani namtania. Nikamweleza yote, mila na kitenge na kibaraza cha duka la dawa. Aliweka kikombe chini.

"Kwa hiyo jana mzee alikuwepo mjini?"

"Alikuwa pale kwenye kona."

"Na mimi mwenyewe Mnyakyusa," akasema, "na sikuuliza nani huwa anapanda."

Akajikunja mle nyuma, mtu mnene yule, magoti yakamfika kidevuni. Nikaondoka. Hatua za kwanza kimya, na kimya kile kilinitia hofu kuliko mlio. Nikaongeza mwendo. Tukapita watu wenye baiskeli za ndizi. Nikasali. Na halafu, taratibu, chini kabisa: uuuu.

Sidhani kama kuna dereva aliyewahi kufurahia gari bovu kama mimi siku ile. Nilipiga honi mpaka mama mmoja akaokota mtoto wake barabarani.

"Tulia, endesha," fundi akasema kutoka nyuma. "Toa mguu kwenye mafuta. Haya, kanyaga. Toa tena."

Mlio haukubadilika. Akaniambia niyumbishe usukani kidogo, kulia, kushoto. Nilipopinda kulia, gari likaegemea kushoto na mlio ukapanda. Nilipopinda kushoto, ukafifia.

"Simama, mama," akasema. Akatoka kwa shida, akapangusa uso. "Tumesingizia difu. Difu ingebadilisha sauti ukikanyaga na kuachia, hii haijali. Ni beringi ya ekseli, gurudumu hili la kushoto, iko chini ya makalio yangu. Likiwa jepesi inavumilia. Ukiiwekea mzigo inalalamika. Na ninyi mzigo wenu wote mmeweka kwenye kona moja, kwa heshima."

Alipoitoa kule gereji, aliizungusha kwenye kiganja changu. Ilikuwa inakwaruza kama sahani yenye mchanga. Nikapiga simu kwa Mama, akapeleka habari ndani, akarudi kwenye simu. "Anasema sawa. Anasema ameshavaa viatu."

Lakini beringi ya ukubwa ule Kyela yote haikuwepo. Fundi akanipeleka Kasumulu kwa pikipiki, kwa Mama Zuhura, muuza vitenge ambaye nusu ya ndugu zake wako Karonga, ng'ambo ya Malawi. Alisikiliza kisa chote huku anakunja vitambaa, akampigia mdogo wake wa upande wa pili, anayeuza vipuri, na akanikalisha kwenye robota nimngojee. Nilipewa chai na mihogo, nikaulizwa kama kweli sijawahi kumwona baba mkwe wangu, nikaulizwa tena. Beringi ilivuka mpaka ikiwa ndani ya kapu la vitenge. Mama Zuhura akanifungia kwenye khanga mpya, akakataa niirudishe. "Mfunike nayo mzee wakimtoa chumba cha upasuaji," akasema. "Nitamwombea dua, na ninyi mwombeeni kwenu. Jicho halina dini."

Kupanda Mbeya

Fundi alipomaliza kuifunga niliwafuata Ikolo, tukaondoka jua limeanza kulegea. Baba kona yake, mchele wake, kitenge chetu, Mama mbele na chungu kimoja mapajani, maana hakukiamini kiti. Niliongeza mwendo kwa woga. Kimya. Tukaanza kupanda, baridi ikaingia, Mama akavuta khanga, na gari lilikuwa kimya hata nikasikia majani ya migomba yakisuguana kwenye vyungu.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa sijawahi kukaa karibu na Baba kiasi cha kumsikia akipumua. Alikuwa anaimba chinichini wimbo wa kanisani, anausahau katikati, anaanza tena. Ubeti wa pili nilimwitikia, kwa sauti ya chini sana. Hakunyamaza. Tulikwenda hivyo mpaka karibu na Uyole. Mama alikuwa amelala, au alijifanya.

Mbeya

Alhamisi wakamfanyia. Nilikaa nje na Mama, mikono yetu imeshikana. Walipomtoa, Mama alimfunika ile khanga ya Kasumulu, mimi nikiwa nimesimama mbali kwenye korido.

Ijumaa asubuhi ndiyo walikuwa wanafungua bandeji. Sikwenda. Macho yakifunguka, nilijiambia, mila nayo inafunguka upya, na sikutaka kitu cha kwanza atakachokiona kiwe ni mwiko. Nikaenda uani kwenye gari, nikajifunika kichwa, nikageukia ukuta. Nilingoja. Kilichokuwa kinanitesa ni kutojua. Kama jicho halioni, nitajulia wapi, wakati sina ruhusa hata ya kumtazama usoni?

Nikasikia nyayo za wawili. Nyayo za Mama nazijua. Za Baba siku zote zilikuwa zinapapasa, zinagusa kabla ya kukanyaga. Hizi zilikuwa zinakanyaga tu. Machozi yakanitoka kabla hawajafika.

Wakasimama. Nikainamisha kichwa zaidi.

"Mama," Baba akasema. "Mwambie nimeona daktari. Kijana mdogo, ana mvi. Nimeona dirisha. Nimekuona wewe, umezeeka, pole. Amebaki yeye."

Mama hakunifikishia ujumbe. Nilimsikia akipenga kamasi.

"Mwambie ageuke," Baba akasema.

Nikaivuta khanga mpaka mabegani, nikageuka. Ana uso mwembamba, na alama ndogo kwenye kidevu kama ya Ambakisye. Alinitazama muda mrefu kwa lile jicho moja, jekundu, lenye maji, kisha akasema nami, siyo na Mama:

"Twende nyumbani, mwanangu. Endesha taratibu. Nakaa mbele, nataka kuiona njia."